Maisha ya Edwin Link, Aliyeruka Bila Kuondoka Ardhini

Katika gazeti letu la muhula huu naomba nafasi niwaeleze habari za maisha ya Bwana Edwin Albert Link, Mmarekani, aliyefariki mwaka wa 1981, zamani kabla hatujazaliwa sisi wa Kidato cha Tano. Huyu ndiye aliyetengeneza mtambo wa kwanza ulioenea duniani wa kumfundisha mtu urubani pasipo kumpandisha angani. Ule mchezo tuuchezao katika kompyuta za shule, wa kurusha ndege ya kuigiza, ni mjukuu wa mtambo wake.

Nimemchagua mtu huyu kwa sababu maalum. Mwaka ulipoanza, chumba cha kompyuta kilijaa kila Jumatano jioni, hata wengine wakasimama nyuma ya viti wakingojea zamu. Sasa tumebaki saba, na tumekwisha ambiwa kwamba kama hatuna la kuonyesha, saa yetu itapewa kazi nyingine. Wenzetu walioondoka husema wamechoka. Wamekwisha kuruka kutoka Dar es Salaam, wamekwisha kutua Unguja, wamekwisha kupita chini ya madaraja na kuangusha ndege baharini kwa kucheka. Limebaki nini tena? Swali lao ni la haki. Swali hilo hilo lilimkuta Link mwenyewe, naye hakuuacha mchezo wake. Nilitaka kujua alifanyaje, ndipo nikazitafuta habari zake.

Alizaliwa tarehe 26 Julai, 1904, katika mji wa Huntington, jimbo la Indiana. Mwaka wa 1910 wazazi wake walihamia Binghamton, katika jimbo la New York, na huko baba yake akashika kiwanda cha vinanda kilichokuwa kimefilisika, akakifufua. Kiwanda kilitengeneza piano za kujipiga zenyewe na vinanda vikubwa vya majumba ya sinema. Siku zile picha za sinema hazikuwa na sauti, kwa hiyo kila jumba lilihitaji kinanda cha kuwachangamsha watazamaji. Kijana Link alikua katikati ya vumbi la mbao, gundi, ngozi na mabomba ya hewa. Masomo ya darasani hayakumpendeza sana, lakini mikono yake ilikuwa hodari.

Yafaa nieleze kidogo jinsi piano ya kujipiga ifanyavyo kazi, maana bila hilo hatutaelewa yaliyofuata. Ndani yake mna karatasi ndefu yenye matundu, inayojiviringisha polepole. Tundu likifika mahali pake, hewa hupita, na mvukuto mdogo hujikunja na kuvuta kijiti kinachopiga uzi. Mvukuto huo ni ndugu wa ule wa mhunzi. Wa mhunzi hupuliza, nao wa piano hufyonzwa hewa ukanywea. Basi ukiwa na pampu ya kufyonza hewa na mivukuto ya kutosha, unaweza kusukuma na kuvuta kitu chochote kwa amri ya tundu dogo tu. Link aliyajua haya tangu utotoni kama mtoto wa Kaole ajuavyo kamba na tanga.

Mwaka wa 1920, akiwa na umri wa miaka 16, alikwenda kupata somo lake la kwanza la urubani huko California, katika uwanja wa Sydney Chaplin, nduguye yule mchekeshaji Charlie Chaplin. Alilipa dola 50, fedha nyingi sana siku zile. Kwa muda wa saa nzima mwalimu aliipindua ndege juu chini, akaizungusha, akashuka karibu na mapaa ya nyumba, kisha akatua. Mwanafunzi hakuruhusiwa hata kuugusa usukani. Kijana alishuka chini salama, ila dola 50 zimekwenda na hakujifunza neno. Mimi naamini kwamba mtambo wake wote ulianzia katika saa ile moja ya hasara. Hakuchukizwa na kuruka. Alichukizwa na namna mbaya ya kufundisha.

Aliendelea kujifunza kidogo kidogo, kila alipopata fedha, na baba yake hakupendezwa na jambo hilo. Mwaka wa 1926 akaruka peke yake. Mwaka wa 1927 akapata ndege ya Cessna, ya kwanza kabisa ambayo kampuni hiyo ilimkabidhi mnunuzi, akawa anatembea nayo mji kwa mji kuwarusha watu kwa malipo na kufundisha. Lakini usiku aliingia katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake, akawa anaunganisha mivukuto na mbao. Kazi ilichukua kama mwaka mmoja na nusu. Mwaka wa 1929 mtambo ukawa tayari, na mwaka wa 1931 akapewa hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake. Mwaka huo huo alimwoa Bibi Marion Clayton, mwandishi wa habari, ambaye tangu siku hiyo alishika vitabu vya hesabu vya kampuni na baadaye akaandika habari za safari zao.

Mtambo wenyewe ulikuwa hivi. Kiboksi cha mbao chenye umbo la ndege fupi, mabawa mafupi na mkia, kimewekwa juu ya kiguzo. Chini yake mna mivukuto ya kinanda. Mwanafunzi akisukuma usukani mbele, vali hufunguka, mvukuto wa mbele hunywea, na pua ya sanduku huinama. Akiuvuta, pua huinuka. Akikanyaga pedali, mashine nyingine hulizungusha sanduku zima. Kabla ya Link wengine walikuwa wamejaribu. Huko Ufaransa mnamo mwaka wa 1910 watu wa kampuni ya Antoinette walitumia nusu mbili za pipa, moja juu ya nyingine, mwanafunzi akakaa juu na wenzake wakamtikisa kwa mikono. Tofauti ya Link ni kwamba sanduku lake lilimwitikia mwanafunzi lenyewe.

Sasa mngedhani kwamba shule za urubani zilimkimbilia. Sivyo. Wenye shule hawakuliamini. Wanunuzi wake wengi wa kwanza walikuwa wenye viwanja vya starehe, wale wa mabembea na farasi wa mbao. Watu walilipa sarafu, wakapanda, wakatikiswa, wakacheka, wakashuka. Hapa ndipo natoa maoni yangu mwenyewe: sanduku lile katika kiwanja cha starehe lilikuwa sawasawa na kompyuta yetu mwezi wa Januari. Watu walilipenda kwa dakika chache. Mtu aliyekwisha tikiswa mara tatu hana sababu ya kurudi mara ya nne, kwa kuwa mara ya nne haina tofauti na ya tatu.

Link angeweza kulipamba sanduku. Angeweza kuongeza rangi, taa, kelele na mabawa makubwa zaidi, naye alikuwa fundi wa mambo hayo. Kwani katika miaka hiyo ya shida, uchumi wa dunia ulipokuwa umeanguka, alipata riziki kwa ndege yenye matangazo ya taa chini ya mabawa. Maneno ya biashara yaliwaka usiku juu ya miji, yakiendeshwa na karatasi yenye matundu kama ile ya piano. Lakini kazi hiyo ya usiku ilimfunza jambo lingine. Usiku wa giza na mawingu rubani haoni ardhi. Inambidi aongozwe na saa zilizo mbele yake: dira, kipimo cha mwendo, kipimo cha kimo na kipimo cha mgeuko. Link akawa hodari wa kuruka kwa vipimo, jambo ambalo marubani wachache tu walilijua wakati ule.

Ndipo akafanya lile ambalo mimi naliona kuwa kubwa kuliko uvumbuzi wa kwanza. Akaweka vipimo ndani ya sanduku, kisha akalifunika kwa kifuniko. Mwanafunzi akawa haoni kitu chochote cha nje. Link hakuongeza cha kutazama, aliondoa dirisha.

Ni lazima nieleze kwa nini jambo hili ni gumu. Ndani ya sikio la binadamu mna mifereji midogo yenye maji, ambayo hutuambia tumeinama au tunazunguka. Tukiwa chini, macho husahihisha makosa ya sikio. Lakini ndege ikianza kuzunguka polepole ndani ya wingu, yale maji ya sikio baada ya muda hutulia, na rubani huhisi kwamba anakwenda sawa. Akiinyoosha ndege kwa kweli, sikio humdanganya kwamba sasa anapinda upande wa pili. Basi huirudisha katika mzunguko, ndege hushuka kwa mapindi, na anapotoka chini ya wingu hana nafasi tena. Marubani hodari, wenye miaka mingi ya kazi, walikufa kwa namna hii, na wasioamini walisema hakika wao wangehisi. Dawa yake ni kukataa mwili wako na kuviamini vipimo, na tabia hiyo haipatikani kwa kusoma kitabu. Hupatikana kwa kukosea mara nyingi mahali ambapo kosa haliui.

Mwaka wa 1934 ndipo dunia ilipomsikiliza. Mwezi wa Februari Rais Roosevelt alifuta mikataba ya kampuni zilizokuwa zikichukua barua kwa ndege, akalipa jeshi kazi hiyo. Marubani wa jeshi walikuwa wamezoea kuruka mchana na kwa macho. Barua zilipaswa kwenda usiku, katika baridi kali, theluji na ukungu. Hata kabla ya kazi kuanza rasmi tarehe 19, marubani watatu walikwisha kufa siku ya tarehe 16 katika safari za kuzoea njia. Kabla ya majira kwisha, waliokufa walizidi 10. Walikuwa vijana, wengi wao wenye ujuzi mzuri wa kurusha ndege mahali penye mwanga.

Maofisa wa jeshi wakamwita Link wakutane naye Newark, karibu na New York. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, nao wakaona hakuna mtu atakayekuja, wakataka kuondoka. Mara wakasikia mngurumo, na ndege ikatoka katika ukungu ikatua. Alikuwa Link, amekuja kwa vipimo tu. Nadhani hakuwa na haja ya kusema mengi baada ya hapo. Tarehe 23 Juni, 1934, jeshi lilinunua masanduku sita kwa dola 3,500 kila moja.

Kuna kifaa kimoja kilichoongezwa ambacho sisi wa Jumatano tunakihusudu sana. Mezani kwa mwalimu iliwekwa ramani, na juu ya ramani kikatembea kigari kidogo chenye magurudumu matatu na wino, ambacho marubani walikiita kaa. Kila mwanafunzi alipogeuza sanduku, kaa naye aligeuka, akaacha alama ya njia. Mwanafunzi aliyefunikwa alidhani amekwenda sawa. Alipofunuliwa alionyeshwa mchoro wake mwenyewe, na hapo hapakuwa na ubishi. Tangu siku hiyo hapakuwa na safari mbili zilizofanana, kwa sababu upepo uliweza kubadilishwa, njia ikabadilishwa, na kosa la leo likawekwa karibu na kosa la jana kulinganishwa.

Jambo hili tumelijaribu hapa kwetu. Programu tunayotumia ni FlightGear, ambayo ni ya bure, na ukisha kuipakua pamoja na ramani zake haidai intaneti. Tukachukua ramani, rula na kipimapembe. Kutoka Bagamoyo mpaka uwanja wa ndege wa Unguja ni maili za baharini kama 23, yaani kilomita 43, na uelekeo wake ni nyuzi 55 au zaidi kidogo, kaskazini-mashariki. Ndege yetu ndogo ikienda maili 90 za baharini kwa saa, safari ni ya dakika 15 na nusu. Kwa mwenye dirisha na mchana mweupe, safari hii haina kazi. Kisiwa kinaonekana, unakifuata kama nzi afuatavyo papai.

Lakini weka mawingu mpaka chini, na weka kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki kwa maili 15 kwa saa. Sasa upepo unakupiga ubavuni. Ukishika nyuzi 55 kwa dakika zile 15, umesukumwa maili nne hivi, na unapodhani uwanja uko chini yako, kwa kweli uko juu ya Mji Mkongwe, labda juu ya bahari iliyo mbele ya Forodhani. Inakubidi uelekeze pua nyuzi 65, uende kama kaa wa pwani aendavyo kiupandeupande. Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, hesabu yote inageuka. Nahodha wa jahazi la Bagamoyo angetucheka kwamba tumechukua kompyuta nzima kujifunza alilolijua babu yake. Acheka, lakini na sisi sasa tunalijua.

Aliye na muda zaidi afuate pwani kutoka Dar es Salaam mpaka Tanga, maili za baharini 107. Tumeipita njia hiyo mara nyingi. Mara ya kwanza ni matembezi: Kunduchi, Mbweni, Mapinga, mji wetu, kisha mdomo wa mto Ruvu wenye mikoko, baadaye mdomo wa Wami, Saadani penye mashamba ya chumvi na hifadhi ya wanyama, Pangani, na mwisho Tanga. Mara ya pili tunazima alama ya njia katika skrini. Mara ya tatu tunafunika sehemu ya juu ya skrini kwa kadi ngumu, vikabaki vipimo peke yake, na mwenzako ndiye anayekuambia baadaye ulipitia wapi. Mwenzetu mmoja alikuwa na hakika kamili kwamba yuko juu ya Pangani. Kadi ilipoondolewa palikuwa na vilima vya bara. Hakuondoka katika chumba jioni ile mpaka mlinzi alipokuja kufunga.

Narudi kwa Link. Baada ya mwaka wa 1934 masanduku yake yalinunuliwa na nchi nyingi, na hata Japani, ambayo baadaye ikawa adui wa Marekani. Ilikuwa katika miaka hiyo, mwaka wa 1937, ambapo ndege za Imperial Airways ziendazo juu ya maji zilianza kutua katika bandari ya Dar es Salaam zikielekea Durban. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, masanduku yapata 10,000 yalitengenezwa, na marubani zaidi ya 500,000 wa mataifa yaliyoshirikiana walipita ndani yake. Sanduku lilipakwa rangi ya buluu, na wanafunzi wengi walilichukia kwa joto lake na ukali wake. Sina la kuongeza juu ya vita, ila hili: Waingereza walimwomba Link njia ya kuwafundisha marubani kuvuka bahari ya Atlantiki usiku kwa kufuata nyota. Kwa kushirikiana na Philip Van Horn Weems, bingwa wa elimu ya kuongoza vyombo baharini, alijenga kijumba kirefu kama ghala la nafaka, kimo chake kama mita 14, ndani yake mna nafasi ya rubani na wenzake, na juu yao kuba yenye nyota za bandia zilizotembea kama nyota za kweli zinavyotembea usiku. Mtu yule yule aliyeondoa dirisha sasa alilirudisha, lakini akaweka nyota tu.

Baada ya vita kampuni yake iliendelea kutengeneza mitambo mikubwa zaidi, ya ndege za jeti, na miaka ya 1960 watu waliokwenda mwezini walijizoeza katika mitambo iliyotengenezwa na kampuni yenye jina lake. Lakini yeye hakuwapo tena katika uongozi. Mwaka wa 1954 kampuni iliuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 50, tajiri, mwenye sifa. Wengine wangepumzika.

Yeye alihamia baharini. Yeye na mkewe walikuwa wamekwisha anza kusafiri kwa mashua na kutafuta merikebu zilizozama, naye akaona kwamba mzamiaji chini ya maji yu katika hali ile ile ya rubani ndani ya wingu: haoni mbali, mwili wake humdanganya, na kosa dogo huua. Mwaka wa 1959 alikwenda na chombo chake Sea Diver mpaka Port Royal, Jamaica, mji uliomezwa na bahari kwa tetemeko la ardhi tarehe 7 Juni, 1692. Katika matope yale walitoa saa ya mfukoni, na picha ya eksirei ilionyesha kwamba mishale yake ilisimama dakika 17 kabla ya saa sita mchana. Kisha akatengeneza silinda ya aluminiamu ambamo mtu angeweza kukaa chini ya bahari. Mwezi wa Agosti, 1962, huko Villefranche, Ufaransa, aliingia mwenyewe kwanza, akakaa saa nane katika kina cha mita 18. Alikuwa na umri wa miaka 58. Mwezi uliofuata Mbelgiji Robert Sténuit alikaa zaidi ya siku moja katika mita 61.

Sasa ninafika mahali pazito. Pamoja na tajiri Seward Johnson, Link alitengeneza nyambizi ndogo iliyoitwa Johnson Sea Link, yenye tufe safi la plastiki mbele ili watazamaji waone pande zote. Mwezi wa Juni, 1973, karibu na Key West, jimbo la Florida, nyambizi hiyo ilinaswa katika mabaki ya manowari iliyozamishwa. Watu wanne walikuwa ndani. Wawili wa mbele waliokolewa. Wawili wa chumba cha nyuma, ambacho kilipoa upesi na hewa yake ikachafuka, walikufa. Mmoja alikuwa Albert Stover. Wa pili alikuwa Clayton Link, umri wake miaka 31, mwana wa Edwin. Baba alikuwapo juu ya maji saa zile zote, akingojea pamoja na waokoaji.

Nimefikiri sana juu ya habari hiyo, na nilijiuliza kama yafaa kuiweka katika habari ya mchezo. Nimeiweka kwa kuwa ndiyo kweli, na kwa sababu ya alilolifanya baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 68, na hakuna ambaye angemlaumu kama angefunga karakana yake. Alikaa chini akatengeneza chombo kingine, kisicho na mtu ndani, chenye kamera, taa na mikono ya kukatia, kinachoongozwa kwa waya kutoka juu, ili nyambizi nyingine ikinaswa pawepo kitu cha kuifikia. Naona ni kazi ile ile ya mwaka wa 1929, kumwondoa mtu mahali ambapo kosa linaua. Ila safari hii aliifanya akiwa amekwisha lipa gharama ambayo hakuna hati ya uvumbuzi inayoweza kuirudisha.

Alifariki tarehe 7 Septemba, 1981, huko Binghamton, mwenye umri wa miaka 77. Siku zake za mwisho kijana mmoja wa Marekani, Bruce Artwick, alikuwa amekwisha toa programu ya kurusha ndege katika kompyuta ndogo za nyumbani. Picha yake ilikuwa mistari michache tu, na milima ilikuwa pembetatu. Mwaka wa 1982 kampuni ya Microsoft ikaitoa kwa jina lake, na kutoka hapo mchezo ukaenea mpaka ukafika Bagamoyo. Leo programu za bei kubwa huonyesha kila mti na kila paa. Wenzangu wengi wanadhani kwamba kama tungekuwa na hizo tusingechoka. Mimi sikubali. Mashine zetu ni za zamani, mikoko ya Ruvu inaonekana kama majani ya mchicha yaliyopikwa, na bado wale saba hawajakosa Jumatano hata moja tangu tulipoanza kutumia kadi na rula.

Walioacha, na wasiowahi kuja, watatukuta saa kumi jioni katika chumba kile kile. Kila mtu aje na penseli, rula na kipimapembe. Zoezi la juma la kwanza la muhula ujao ni hili: unaondoka Tanga kurudi Dar es Salaam, maili za baharini 107, mwendo wa ndege maili 100 kwa saa, kusi inavuma kutoka kusini-mashariki kwa maili 20, wingu limefunika kila kitu. Utaelekeza pua wapi, na utafika saa ngapi? Majibu yaandikwe kabla ya kuwasha kompyuta. Kisha tutafunika skrini, na ramani itaonyesha nani amefika Dar es Salaam na nani amefika Kibaha.